Sijatia maji, mbona asali yangu imechacha?

SWALI: Ninafuga nyuki Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, mizinga minane ya viunzi (vijiti vya juu ambavyo nyuki huning'inizia masega), si mbali na ufukwe. Aprili nilirina ndoo tatu za lita 20. Nilikamua masega yote pamoja, nikachuja kwa kitambaa, nikaiacha asali kwenye beseni usiku kucha ili povu lipande, asubuhi nikamimina kwenye ndoo. Kufikia Juni mifuniko imetuna, ukifungua inatoka harufu ya pombe. Mteja wangu wa Kirumba, Mwanza, amerudisha ndoo moja akisema nimetia maji. Sijatia hata tone. Maji haya yametoka wapi? Halafu nieleweshwe jambo moja: nyuki hutengenezaje asali hasa, na wanaitengeneza ya nini huku kwetu ambako hakuna majira ya baridi kali?

JIBU: Ndugu yetu wa Ukerewe, tunakuamini. Mengi ya maji hayo yametoka kwenye maua, na mengine yametoka kwenye hewa ya ziwa usiku ule asali ilipolala beseni. Ulirina kabla nyuki hawajamaliza kuyatoa, kisha ukaacha hewa iongeze mengine. Ili hilo lieleweke tuanze na swali lako la mwisho, kwa sababu kutengeneza asali, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kukausha.

Nyuki kibarua anapotua kwenye ua la mwembe, mgunga au mkaratusi, hakuti asali humo. Anafyonza nekta, yale maji matamu ya ua, ambayo kwa kawaida huwa na sukari kama asilimia 20 hadi 40. Kilichobaki karibu chote ni maji. Kiwango hicho hakitulii. Mvua ikinyesha nekta huwa nyepesi, jua la mchana likiwaka huwa nzito, na ua la mti huu halifanani na la mti ule.

Nekta hiyo haiendi kwenye tumbo la kusagia chakula. Mbele ya tumbo hilo nyuki ana kifuko cha kubebea, na kati ya viwili hivyo kuna vali ndogo. Vali ikifungwa, mzigo unabaki kifukoni kuwa mali ya kundi zima. Ikifunguka kidogo, kinapita kile tu anachohitaji nyuki mwenyewe apate nguvu ya kuruka, na chembe za chavua (unga wa maua) zilizoingia na nekta huchujwa hapohapo. Wanaopenda kusema kwamba asali ni matapishi ya nyuki hawajui habari ya vali hiyo: kilichomo kifukoni hakijawahi kufika kwenye tumbo la chakula. Mzigo wenyewe ni mdogo. Nyuki wetu wa Afrika ni mdogo kuliko wa Ulaya, na safari moja yenye mafanikio tuihesabu kuwa ni kama miligramu 30.

Akiwa bado njiani, kemia imeshaanza. Tezi zilizo kichwani mwake humwaga vimeng'enya, yaani vichocheo vya kemia, ndani ya nekta, na viwili kati yake ndivyo vya kujua. Cha kwanza huikata sukrosi, yaani sukari ileile tunayotia kwenye chai, kuwa sukari mbili nyepesi: glukosi na fruktosi. Faida yake ni kwamba mchanganyiko wa hizo mbili huweza kuyeyuka kwa wingi mno ndani ya maji machache. Ndiyo maana asali inabeba sukari kama asilimia 80 na bado inamiminika. Ungejaribu kufanya hivyo kwa sukari ya dukani, ingekugandia sufuriani. Kimeng'enya cha pili huchukua sehemu ndogo ya glukosi na kuigeuza kuwa asidi, na wakati huohuo hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo hospitalini husafishia vidonda. Hiki cha pili hufanya kazi nekta ikiwa bado nyepesi, asali ikishakauka kinalala. Kwa hiyo katika zile siku za hatari, kabla ya kukauka, dawa ipo ndani ya nekta yenyewe. Ikishakauka, kinachoilinda ni uhaba wa maji pamoja na ukali wa asidi, kwa maana pH ya asali, kipimo cha asidi ambacho kikiwa chini ya 7 ni asidi, huwa karibu 3.9.

Mchumaji akifika mzingani hamimini mzigo wake kwenye sega. Humpa nyuki mpokeaji, mdomo kwa mdomo, naye hurudi maua. Mpokeaji hujitenga penye nafasi, hutoa tone, hulitandaza kwenye ulimi, hulimeza, hulitoa tena, na kuendelea hivyo kwa dakika 15 hadi 20. Kila mara tone linapotandazwa hewa ya moto ya mzingani inachukua maji yake. Likishakuwa zito kiasi hulibandika kwenye kuta za kijumba cha sega. Hawajazi kijumba mara moja. Hutawanya nekta kidogokidogo kwenye vijumba vingi, robo huku, theluthi kule, ili uso unaoguswa na hewa uwe mpana, na baadaye huihamisha na kuikusanya inapozidi kuiva. Hapa wafugaji wengi hupotea: wanaona sega limejaa kitu cha kung'aa na kutiririka, wanadhani mavuno yako tayari, kumbe hicho ni kiwanja cha kuanikia. Mzinga unahitaji masega matupu wakati wa maua kwa ajili ya kukaushia kabla ya kuhifadhi.

Nyuki wengine hushika zamu ya upepo. Hujipanga mlangoni na ndani, wakipiga mabawa bila kuruka, hewa ya nje inaingia na ile iliyoshiba maji inatolewa. Ule mvumo unaousikia ukipita karibu na mizinga usiku wakati wa maua mengi, pamoja na harufu tamu mlangoni, ndio kazi hiyo.

Sasa utauliza, na ni swali la haki: hewa ya kisiwani wakati wa masika imejaa unyevu, inakaushaje? Jibu liko kwenye joto. Tuchukue usiku ambao hewa ya nje ina nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 80. Nyuki hutunza joto la nyuzi 34 hadi 35 penye majana, yaani watoto wa nyuki. Hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba maji huongezeka sana. Hewa ileile ya asilimia 80 ikifika nyuzi 35 unyevu wake unakuwa chini ya asilimia 40. Penye masega ya asali, mbali kidogo na majana, joto ni pungufu na ukavu unapungua pia, lakini bado ni hewa inayokausha. Hewa hiyohiyo ikiingia chumbani kwako, ambako hakuna nyuki wa kuipasha, inafanya kinyume: inailowesha asali. Shika hilo, tutalirudia.

Hesabu ya maji yenyewe ni ya kushangaza. Tuseme nekta ina sukari asilimia 30, na asali iliyoiva ina maji asilimia 18. Kilo moja ya asali hiyo inahitaji nekta kilo 2.7, maana yake maji yanayotolewa ni zaidi ya lita moja na nusu, karibu lita 1.7. Ndoo yako ya lita 20 hubeba asali kama kilo 28. Kuipata, nyuki wamepuliza nje maji kiasi cha lita 48, ndoo mbili na nusu hivi. Na kwa mizigo ya miligramu 30, kila kilo ya asali ni safari zipatazo 90,000, bila kuhesabu nekta waliyoila wenyewe njiani. Nekta ikiwa nyepesi, ya asilimia 20 kama ilivyo siku za mvua, kazi ya kukausha inapanda hadi lita 3.1 kwa kilo. Ulirina Aprili. Umeanza kuona?

Maji yakishuka hadi karibu asilimia 18, pengine pungufu ya hapo, nyuki hukifunika kijumba kwa nta. Kifuniko hicho ndicho saini yao. Huanza juu ya sega, karibu na kiunzi, na kushuka chini, ndiyo maana sega moja laweza kuwa na asali mbivu nusu ya juu na mbichi nusu ya chini.

Kuhusu wanaitengeneza ya nini. Chavua ni chakula cha kujengea mwili, hasa wa majana. Asali ni chakula cha nguvu. Inachomwa kwenye kuruka, kwenye kutunza lile joto la nyuzi 34 usiku na mchana, na kwenye kutoa nta, ambayo hukadiriwa kugharimu kilo 6 hadi 8 za asali kwa kila kilo ya nta. Hatuna theluji, lakini tuna njaa ya aina yetu. Kanda ya Mwanza mvua za vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na kati ya Juni na Septemba nyasi zinakauka, maua ya porini na mashambani yanapungua. Hata ndani ya masika kwenyewe kuna siku ambazo mvua hainyamazi na nyuki hawatoki. Kundi lazima lile siku hizo. Nyuki kibarua wakati wa kazi nyingi huishi wiki tano au sita tu, lakini kundi huishi miaka, kwa hiyo wengi wa wanaokausha asali hawataionja. Na wanaikausha kwa sababu nekta mbichi kwenye joto la nyuzi 35 ingechacha ndani ya siku chache, mbali na kwamba ingetaka nafasi mara tatu au zaidi.

Nyuki wetu ana tabia nyingine ambayo mfugaji asiisahau. Chakula kikiisha hakai akafa njaa kama nyuki wa nchi za baridi. Hujaza kifuko chake kwa akiba iliyobaki na kuhama. Anayerina kila kitu Juni asishangae kukuta mzinga mtupu Julai au Agosti. Tunashauri ubakize masega mawili au matatu ya asali yanayopakana na majana, na ikiwa kiangazi kimeanza mapema ubakize zaidi.

Turudi kwenye ndoo zako. Kwenye kila asali duniani kuna chachu, hamira ya asili inayovumilia sukari nyingi, inayotoka kwenye maua, udongo na masega ya zamani. Haiwezi kuondolewa kwa kuchuja. Inachoshindwa ni kuzaliana pasipo maji ya kutosha. Maji yakiwa chini ya asilimia 17 asali haichachi. Kati ya 17 na 18 ni salama kama chachu si nyingi. Kati ya 19 na 20 hata chachu chache mno zinatosha kuanzisha, na ikivuka 20 ni suala la muda tu. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kimeweka mwisho asilimia 20, lakini kwa mtu wa ziwani huo ni ukingo wa shimo, lenga 18. Chachu ikianza hula sukari na kutoa pombe na gesi, gesi inatunisha mfuniko, na ukiiacha muda mrefu pombe inageuka kuwa siki.

Kosa la kwanza ni “nilikamua masega yote pamoja.” Tuseme katika kilo 28, kilo 21 zilikuwa za masega yaliyofunikwa, zenye maji asilimia 18, na kilo 7 zilitoka kwenye vijumba vilivyo wazi, zenye asilimia 28. Ukichanganya unapata asilimia 20.5. Robo moja ya asali mbichi imeharibu robo tatu nzuri. Ukiongeza masega yenye chavua na majana, ambayo yana majimaji yake na chachu tele, hali inazidi kuwa mbaya.

Kosa la pili ni beseni, nalo huenda limefanya madhara kuliko unavyofikiri. Asali hunywa maji kutoka hewani au huyatoa mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hulingana na asali ya maji 18.3. Hewa ya 65 hulingana na 20.9, na hewa ya 70 na asali ya zaidi ya 24. Usiku wa Aprili Ukerewe hewa huvuka 70 bila shida. Beseni lina uso mpana, asali ni nyembamba, na umeipa saa nyingi. Haikufika 24 usiku mmoja, kwa sababu maji huingia polepole kuanzia juu, lakini tabaka la juu lililolowa ndilo lililowapa chachu mahali pa kuanzia. Povu ulilolingojea lingepanda vilevile ndani ya ndoo iliyofunikwa.

Kuna la tatu ambalo hukulitaja, lakini uliangalie: vyombo na kitambaa. Kikombe kimoja cha maji, mililita 250, kikibaki kwenye ndoo iliyooshwa haraka au kwenye kitambaa kisichokauka, huipandisha asali ya kilo 28 kutoka asilimia 18 hadi karibu 18.7. Mteja wako wa Kirumba akisema umetia maji, kwa maana hii ndogo anaweza kuwa sahihi na wewe usiwe mwongo.

Msimu ujao fanya hivi. Usirine katikati ya masika. Ngoja mvua zikatike na maua makubwa yaanze kudondoka, ili nekta mpya isiendelee kuingia, kisha uache siku kadhaa za jua zipite. Kwa miaka mingi hiyo inaangukia mwisho wa Mei au Juni, lakini amini macho yako kuliko kalenda. Ingia jioni, nyuki wa kwetu wanapotulia, na moshi kiasi; moshi mwingi unaacha harufu na masizi kwenye nta. Anza upande ulio mbali na mlango, kwa kuwa kwa kawaida asali hukaa huko na majana hukaa karibu na mlango. Inua kiunzi kimoja kimoja, ukitazama sega pande zote mbili. Wafugaji wengi hufundishwa kwamba sega lililofunikwa robo tatu linatosha. Kiangazi, sawa. Kwa mvua na kwa ziwani, tunasema hapana: chukua lililofunikwa karibu lote. Sega lililofunikwa juu tu, likate penye mpaka. Sehemu ya chini iwekwe kwenye chombo chake, iliwe nyumbani kwanza, isiguse ndoo ya biashara. Mwenye mizinga ya fremu, ambamo sega limezungukwa na mbao pande zote, anaweza kuilaza fremu na kuitikisa ghafla: matone yakiruka, bado. Usijaribu hivyo kwa sega la kiunzi, litakatika na kukuangukia miguuni pamoja na nyuki wenyewe. Acha ukanda wa sega wa sentimita mbili hivi chini ya kiunzi, nyuki waanzie hapo kujenga upya kwa mstari ulionyooka.

Uwe na ndoo mbili zenye mifuniko inayobana: moja ya masega yaliyofunikwa yote, nyingine ya yale ya mchanganyiko. Mfuniko unarudi kila baada ya sega moja. Masega yaliyokatwa yachujwe mapema, mchana wenye jua, chumba kikiwa kimefungwa, kwa chujio kavu la nailoni badala ya kitambaa. Mikono iwe mikavu. Asali ikishapita, funika na uiache siku mbili au tatu ndani ya ndoo ya plastiki ya chakula, povu na chembe za nta zipande, kisha uziengue kwa kijiko. Ukipata ndoo yenye bomba chini ni bora zaidi, maana asali nzito yenye maji machache hukaa chini na nyepesi hupanda. Jaza vyombo hadi karibu na mdomo ili hewa iwe ndogo. Bati na vyombo vya chuma kinachoshika kutu viache, asidi ya asali huvila.

Upande wa mzinga, kagua paa kama linavuja, na uinamishe mzinga kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yasituame ndani. Usiuweke bondeni penye majimaji kwa sababu tu ni karibu na ziwa. Nyuki hawahitaji kukaa ndani ya unyevu ili wapate maji ya kunywa. Kundi dogo kwenye mzinga mkubwa nalo huchelewa sana kuivisha asali, kwa sababu nyuki wa kupasha na kupepea ni wachache. Kama mzinga una ubao wa kugawia nafasi, usogeze ili kundi libanane. Na usiwape maji ya sukari wakati wa maua kwa kutaka mavuno yaongezeke: watayakausha na kuyafunika vizuri tu, lakini hicho utakachouza si asali.

Kupima, kifaa cha kuaminika ni rifraktomita ya asali. Unaweka tone kwenye kioo, unafunika, unangoja nusu dakika lipate joto la kifaa, unasoma asilimia ya maji moja kwa moja. Pima tone la juu ya ndoo na tone la chini, usipime moja tu. Kimoja kinatosha kikundi kizima cha wafugaji, na ofisa nyuki wa halmashauri anaweza kukuelekeza pa kukipata. Mizani husaidia kwa ukaguzi wa juujuu: lita moja ya asali yenye maji asilimia 20 ina uzito wa karibu kilo 1.40, na yenye 18 ni kama kilo 1.417. Chupa ya lita isiyofika kilo 1.40 ina shida. Lakini tofauti ya gramu 15 hivi kati ya nzuri na ya ukingoni si kazi ya mizani ya sokoni.

Mteja wako yawezekana alipima kwa njiti ya kiberiti, kwa kuichovya kwenye asali na kuiwasha. Kipimo hicho, pamoja na cha tone kwenye karatasi, cha mchanga na cha sisimizi, havifai kumhukumu mtu. Njiti ikikataa kuwaka inaonyesha kwamba kimiminika kina maji, haisemi maji yaliingiaje. Asali halisi iliyovunwa mbichi itashindwa, na sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito itafaulu. Vilevile asali kuganda si ushahidi wa sukari. Asali ya maua ya pamba, kwa wenzetu wa Magu na Kwimba, huganda upesi kwa sababu ya glukosi yake nyingi. Ila ujue jambo moja: glukosi inapoganda huacha maji yake kwenye kimiminika kilichobaki, kwa hiyo asali ya asilimia 19 iliyokaa kimya miezi mitatu inaweza kuchacha mara tu inapoanza kuganda. Ya kuyeyusha, weka chombo ndani ya maji yenye joto la nyuzi 40 hadi 45, usichemshe. Moto mkali unaua vimeng'enya na kubadilisha rangi na ladha.

Kwa ndoo mbili ulizo nazo na hiyo iliyorudi: asali iliyokwisha kuchacha haiponi. Kuichemsha kunaua chachu na kufukuza gesi, lakini ladha ya uchachu inabaki, na kuiuza kama asali ya mezani ni kujitafutia jina baya. Usiwarudishie nyuki, inawaharisha. Watengenezaji wa wanzuki, pombe ya asali, wataichukua, kwa bei ya chini bila shaka. Kama kuna ndoo ambayo bado haijatoa povu, pima juu na chini leo. Ikiwa chini ya 19, iuze kwanza, kwenye chupa ndogo na kwa watu wanaokula haraka. Ikiwa 20 au zaidi, iunganishe na zile za wanzuki. Usijaribu kuiokoa kwa kuianika juani kwenye sinia: kwa hewa ya Ukerewe, jua likizama tu itakuwa imeyanywa tena yale maji uliyoyafukuza mchana.